Sauti Iliyongoja Amina

Nilikuwa nakata kitambaa cha sare dukani kwangu Makutano wakati Mwanabibi, jirani yangu wa duka, aliponiita kwenye simu yake. Aliyepiga alikuwa Kathuri, rafiki wa ndugu yangu, kutoka Embu.

"Kiende, Mutegi ametuacha. Amelala tu, hakuhangaika."

Nikasema, "Asante Yesu."

Mwanabibi akanitazama. "Kumbe ni habari njema?"

"Ndugu yangu amekufa," nikamjibu, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Akanishika mkono, akaniketisha, kisha akaenda kunifungia duka.

Wengi wameniuliza kwa nini nilitoa shukrani kabla ya kulia. Mutegi ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alianza kwa kutengeneza redio huko Embu, baadaye akahamia kompyuta. Figo zilipoanza kumshinda, alimwomba Mungu jambo moja: amalize programu yake kabla hajafa. Mimi nami nikawa naomba hilohilo kila asubuhi.

Kanisa letu la Ruiri na mengine mawili yalikuwa yamepewa kompyuta kuukuu, na hakuna mbili zilizofanana. Mutegi aliziwekea zote Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, maana haikuchagua mashine. Alitaka programu moja itakayokubali popote, isome Injili kwa Kimeru kwa sauti, huku picha zikipita kwenye kioo. Ilikuwa ya wazee wasiojua kusoma. Nyanya Nelius, kwa mfano, alitaka kumsikia Luka bila kungoja wajukuu warudi kutoka shuleni.

Kazi ngumu ilikuwa kuchagua mfumo wa medianuwai, yaani ile programu ya chini inayobeba sauti na picha ili mjenzi asianze kila kitu mwenyewe. Kulikuwa na miwili. Mmoja ulikuwa mkubwa, wenye mapambo. Picha moja iliyeyuka polepole ikawa nyingine. Wa pili ulikuwa mdogo, hauna mapambo. Mutegi alichukua ule mkubwa. Tuliujaribu Ruiri mara kadhaa na kila mara ulisoma vizuri. Tukafurahi.

Kisha siku moja Kathuri akaja na Mutegi kutoka Embu. Kathuri ni mtu asiyeombea hata chakula. Aliingia kanisani mbele yetu, akaiwasha programu, akangoja. Kimya.

"Fundi, hii kitu yako imekufa!"

"Ngoja kidogo," Mutegi akasema.

"Nimengoja mpaka nimeota ndevu."

Nyanya Nelius alikuwa ameshaketi kwenye benchi la mbele. "Si mmeanza bila maombi?" akasema. "Itawasomea vipi?"

Tukacheka sote, isipokuwa Mutegi. Aliizima, akaiwasha upya, akasema, "Nyanya, tafadhali tuombee."

Nyanya Nelius akasimama. Aliombea wagonjwa, mvua, walimu, ng'ombe wa Marete waliokuwa wanaharisha, na wote walio safarini. Alipofika kwenye amina, sauti ikaanza kusoma.

"Mnaona?" akasema, akaketi kwa ushindi.

Mutegi aliegemea ukuta. "Dada, maombi ndiyo yamekuwa yakinifichia shida. Huu mfumo ni mzito. Unapakia sura nzima ndipo ufungue mdomo. Kila siku tunawasha, tunafumba macho, hatuoni vile unachelewa. Kwa zile mashine ndogo za makanisa mengine utakwama kabisa."

"Basi utumie ule mdogo," Kathuri akasema. "Lakini utaandika upya karibu yote. Na zile picha zako za kuyeyuka, kwaheri."

"Nyanya anataka Luka. Hajaniuliza sinema."

Niliogopa sana. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kuna siku hakuweza kuketi. Nilimwambia apumzike, akaniambia nimwombee nguvu, si usingizi. Kathuri alikuwa akimshikia kazi ya ufundi kule Embu ili yeye aandike. Ule mfumo mdogo ulisoma sauti kipande kwa kipande, huku ukicheza kilichotangulia, kwa hiyo haukuhitaji mashine kubwa.

Alipomaliza, tulianza na yale makanisa mengine mawili. Pote ilisoma. Ruiri ikawa ya mwisho.

"Nyanya, leo tutaomba baada ya kusoma," Mutegi akasema.

"Baada?" Alishangaa kana kwamba tumemwambia ale kabla ya kunawa. Lakini akakubali. Mutegi akabonyeza, na sauti ikatoka papo hapo. Nyanya Nelius akaruka.

"Wewe! Kumbe Luka alikuwa tayari!"

Mutegi alicheka mpaka akashika mbavu. Njiani kurudi aliniambia, "Sasa sina deni na mtu." Hakuishi sana baada ya hapo, na maumivu yalikuwa makali, lakini sikumwona tena na wasiwasi. Ndiyo maana nilishukuru.

Tulimzika Jumamosi nyumbani Ruiri, kando ya kaburi la baba. Mchungaji alisoma, mama akatia udongo kwanza, kisha mimi, kisha Kathuri. Watu wa makanisa yale mengine walikuwa wamekuja pia. Vijana wakashika majembe wakajaza kaburi huku tukiimba. Tuliweka maua, mchungaji akatubariki, na tukaingia nyumbani kumpa mama chai.