Mama Aliyesahau Viazi

Hebu fikiria jiko moja la Ipogolo, Iringa: mama anamenya viazi, binti yake anamsomea riwaya yangu kwa sauti. Binti huyo ni mhariri wa kujitegemea, na ndivyo anavyopima miswada. Juzi nilitoka Mbeya kwenda kumwambia kwamba riwaya hiyo naiacha katikati.

“Uiache?” alishangaa. “Mwalimu, nilipofika kwenye sura ya mazishi mama alisahau viazi. Kisu mkononi, masikio kwangu!”

“Labda alichoka.”

“Nichoshwe na viazi?” mama akadakia. “Wewe mwalimu, yule mjane wa kwenye riwaya yako alirudi kwao au hakurudi?”

Sikujua, maana nilikuwa sijaandika. Nilimshukuru mhariri wangu, nikarudi nyumbani kumtafutia mama jibu.

Nawe ukitaka kuacha kazi yako njiani, naomba ukumbuke kwamba huenda kuna mtu anayeisubiri.