Kibuyu cha Mnyapara

Asubuhi niliyoacha shule ya misheni sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kujua njia ya Songea inaishia wapi. Jua halijapanda sana nikakutana na msafara wa boma. Mpagazi mmoja alikuwa ameketi kando na homa, na mnyapara, yaani msimamizi wa wapagazi, akanitazama mabega.

"We, unakwenda wapi?"

"Popote."

"Popote ni huku huku. Beba."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Ninyi mnaoendesha malori mjue kwamba jeshi la Mjerumani lilitembea juu ya vichwa vyetu. Risasi, mchele, hata kiti cha kukunja cha bwana mkubwa, vyote vilifungwa mitumba, kila mtumba mzigo wa mtu mmoja. Chini yake tuliweka kata, mduara wa nguo uliookoa utosi. Mbele alikwenda kirangozi, mjuzi wa njia. Nyuma mnyapara, ili mtu asitoroke.

Bwana sajini wa stoo ya boma, Mjerumani mwenye pumu, alipogundua kuwa najua kusoma, akanifanya mnyapara. Nikawa napita mara kwa mara njia ya Namtumbo, na huko nililala kwa Mama Nditi, mjane aliyelima ulezi na mahindi. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Akisuka ungo nauliza, akipika pombe nauliza.

"Mwanangu," alinicheka, "mdomo wako huo haupumziki hata ukilala?"

Siku moja alikuwa akificha nafaka. Alichimba shimo ndani ya nyumba, akalipaka majivu, akatandika magome, akaweka vibuyu vya nafaka, akafukia na kukandika sakafu. Akamwaga maji ili alainishe udongo. Nikaona kitu.

"Mama, mbona hapa maji yanazama, pale yanatuama?"

"Kwa sababu hapa nimechimba, mjinga wewe!"

Tukacheka wote wawili.

Vita vya Maji Maji vilipokuja, mwanzoni tulipeleka chakula kwa askari. Baadaye amri ikageuka: tuchukue chakula cha vijiji, na kisichobebeka kichomwe, ili wapiganaji wakose cha kula. Tulikuwa chini ya shaushi, yaani sajini wa askari weusi. Katika kijiji kimoja tukakuta vihenge vya nafaka vitupu. Wapagazi hawakuwa wamepata posho kwa siku mbili, na shaushi alikuwa ameshika kiboko.

"Watu wa hapa wanakula mawe?"

Ningependa kuandika kwamba niliogopa kiboko. Niliogopa, lakini zaidi nilitaka kuonyesha ninachokijua. Nikaomba kibuyu cha maji, nikaingia nyumba ya kwanza, nikamwaga sakafuni. Karibu na figa maji yakazama.

"Chimbeni hapa."

Ulezi ukatoka. Shaushi akanipiga begani. "Huyu mnyapara ana kichwa!" Nilifurahi. Siku hiyo nililala nimeshiba, na nilifurahi.

Tangu hapo kila mnyapara wa kikosi chetu alitembea na kibuyu, na mimi ndiye niliyewafundisha.

Tukafika kwa Mama Nditi. Alisimama mlangoni, wenzangu wakimwaga maji ndani. Shimo lilipofunuliwa hakulitazama. Alinitazama mimi.

"Chukueni cha kula," akasema. "Hayo mahindi ya chini ni mbegu. Mbegu niachieni."

Shaushi akanigeukia. "Mnyapara, kweli ni mbegu?"

Ilikuwa kweli. Mahindi yale yalikuwa yamening'inizwa juu ya moto mpaka yakawa meusi kwa moshi. Mbegu huhifadhiwa hivyo, na ni yeye aliyenieleza. Lakini niliona shaushi ataniuliza nimejuaje, na nimekula chumvi ya nani.

"Ni chakula, shaushi."

Mama Nditi hakulia wala hakunilaani. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unauliza."

Mvua zilipoanza tulipita tena njia ile. Shamba lake lilikuwa limeota nyasi, na majani yalikuwa yameingia hadi mlangoni. Mimi niliyeuliza kila kitu sikumwuliza mtu yeyote alikokwenda.

Niliporudi boma nikamkabidhi bwana sajini wa stoo kibuyu.

"Unaacha kazi? Utakwenda wapi?"

"Popote, bwana."

Nikashika njia ya mashariki siku nyingi, mpaka Namasakata. Mzee mmoja Myao, aliyekuwa akisuka jamvi barazani, aliitikia salamu yangu, akanikaribisha ndani bila kuniuliza kabila.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Kubeba mizigo, babu."

"Maskini. Basi umechoka."

Mkewe akaleta maji, akaninawisha mikono. Maji yakadondoka sakafuni karibu na ukuta, yakazama papo hapo. Yule mama akaacha kumimina. Mzee naye akakazia jicho ule udongo.

Nikainamisha kichwa kama ninayesinzia, kana kwamba sikuona.

"Utalala chumba cha nje," mzee akasema polepole.

"Babu, kama hamtachukia, nilale hapa hapa."

Wakatazamana. Kisha mama akaleta mkeka, nami nikautandika juu ya ule unyevu, nikajilaza. Nilikaa Namasakata hadi nilipozeeka, na watu wa huko husema mimi ni mtu asiyeuliza maswali.