Aliyempigia Dada Yake Kwanza

Mpwa wangu, ambaye mtaa ulimwita Bwana Mwanga, alifanya kazi katika nyumba ya saruji isiyo na madirisha, pale waya wa mawasiliano unapotoka baharini. Ndani ya waya huo mna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Sakafu ya bahari ikitetemeka, mwanga nao huyumba, naye huuona kwenye skrini. Zamani tetemeko tuliambiwa na sahani kabatini.

Sheria yao kazini ilikuwa moja: usimwambie mtu mpaka kituo cha matetemeko cha nchi kavu kithibitishe.

Asubuhi moja mistari ya skrini ilichachamaa, naye hakungoja. Alimpigia dada yake, muuza viatu katika soko la ufukweni.

"Dada, acha kila kitu, panda juu, mbali na bahari!"

Dada mtu, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na pazia, akapiga yowe: "Bahari inakuja! Kaka kasema!"

Soko likafumuka kama siafu waliomwagiwa maji. Mama mmoja mshonaji, mtu mzima, akaangushwa na kuvunjika nyonga. Bahari haikuja. Meli ilikuwa imeburuta nanga juu ya waya.

Kazini walimwonya tu. Mtaani ndiko walikommaliza.

"Bwana Mwanga, leo nianike nguo, au kutatikisika?"

Akawa anapita vichochoroni, kofia hadi machoni. Kwa mama mshonaji alituma ujumbe wa simu tu: samahani. Siku hizi hata aibu hutumwa kwa kidole gumba.

"Enzi zetu mtu alikwenda kwa miguu yake," nilimwambia.

"Nitakwenda na uso gani, mjomba?"

"Huo huo uliozaliwa nao. Vaa viatu."

Tulimkuta mama mshonaji amelala, cherehani imefunikwa shuka. Mpwa wangu akaanza kueleza: nanga, mistari, kituo. Mama akamkatisha.

"Mwanangu, kukosea tunakosea sote. Nyonga nitajuana nayo mwenyewe. Niambie moja tu. Sare zako za shule nilishona mimi, na namba yangu unayo. Ingekuwa kweli, ungenipigia na mimi?"

Nilimwomba Mungu kijana aseme uongo.

"Hapana, mama," alisema. "Hukunijia akilini. Hakunijia mtu yeyote ila dada."

Mama akamwonyesha kigoda kando ya kitanda.

"Basi kaa."

Akakaa, mikono magotini, na hakuinua macho mpaka tulipoaga.