Kabari ya Shija: modeli ya lori la marehemu baba ilivyonipeleka Runzewe

Wakuu, salaam kwenu wote, wa mjini na mlioko machimboni.

Ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, na mtu niliyemkosea yuko hai, ana akili zake timamu na simu yake ina bando. Nikitia chumvi ataniumbua humu humu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye chai yake aisogeze.

Niko Shinyanga mjini, ni fundi friji. Nikimaliza friji za watu, nakaa kwenye meza yangu ya uani natengeneza magari madogo. Modeli. Wageni wakija mke wangu huwaambia, "Baba Rama yuko uani anacheza." Nimeshazoea.

Siyo midoli wakuu. Gari naliunda kwa vipimo, scale ya moja kwa ishirini na nne, yaani sentimita moja ya kwangu ni sentimita ishirini na nne za gari lenyewe. Bodi nakata kwenye makopo ya ice cream. Vioo natoa kwenye pakiti za mashati mapya. Eksozi ni mrija wa kalamu. Rangi za kucha za mke wangu nazo huwa zinaisha kiajabu.

Vumbi ni vumbi halisi. Nachota barabarani, nachekecha kwa soksi, napaka kwa brashi ya poda.

Details ndiyo ugonjwa wenyewe. Gari lisilo na mikwaruzo yake mimi silihesabu kuwa gari la mtu.

Sasa mwaka jana nikaamua kuunda lori la marehemu baba.

Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa pamba. Lori lilikuwa la pua ndefu, bluu iliyopauka, juu ya kioo limeandikwa SUBIRA. Msimu wa pamba likitoka vijijini tulilisikia kabla hatujaliona, na mtaa mzima tulilikimbilia. Pamba ilikuwa inanasa kwenye miiba njia nzima, hata mgeni angejua Subira imepita wapi. Baba akishuka alikuwa ananuka dizeli na pamba. Mpaka leo nikisikia harufu hizo mbili pamoja, nasimama.

Aisee, tulikuwa na raha na hatukujua.

Picha ya lori nilikuwa nayo moja tu. Baba amesimama kando ya tairi la mbele, mkono kiunoni. Vipimo ningepata wapi? Mama akakumbuka kwamba baba alikuwa anagonga kofia kwenye fremu ya mlango wa nyumba yetu. Mlango upo. Nikapima mlango nikapata urefu wa baba, kwa baba nikapata tairi, kwa tairi nikapata lori zima.

Siku ile nilikaa kizingitini na futi mkononi nikalia. Sioni aibu kusema.

Miezi saba. Nilipomaliza nikaweka picha humu, wengi mnakumbuka, likes zilimiminika. Halafu mwanachama mmoja, inaelekea aliwahi kupanda malori, akaandika: "Kazi safi mkuu. Ila lori la pamba la zamani bila kabari? Utingo wake anazuia tairi na nini?"

Nikafunga simu.

Kwa msiojua, yale malori breki ya mkono ilikuwa pambo. Lori likisimama mlimani, utingo anaruka na kipande cha mti kilichochongwa kabari, anakisukuma nyuma ya tairi. Utingo na kabari yake ni kama sheikh na tasbihi.

Mimi sikuisahau ile kabari wakuu. Nilikuwa naikwepa.

Utingo wa baba aliitwa Shija. Kijana, hajaoa bado, mpole, mcheshi. Alikuwa ananibeba begani ananizungusha lori zima ananitajia vifaa. Kabari yake aliichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, akaichoma herufi S kwa msumari wa moto. Ilikuwa inaning'inia kwa kamba chini ya bodi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Watoto wa mtaa walikuwa na magari ya waya na ya makopo, mimi nilitaka la mbao, mfano wa Subira yenyewe. Jumapili moja lori likiwa limeegeshwa kwetu, nikaitazama ile kabari. Ule mteremko wake ulikuwa bonet tayari! Kilichobaki ni kuchonga kabini.

Nikakata kamba.

Nilijiambia Shija atazuia kwa jiwe, mawe yapo. Nikaenda kwa seremala wa jirani nikaazima patasi. Magurudumu nikakata kwenye ndala. Jioni Subira ndogo ilikuwa tayari, na nyumbani nikasema mbao kanipa seremala.

Kesho yake alfajiri wakaondoka kwenda kubeba pamba upande wa Mwakitolyo. Enzi hizo kule tulikujua kwa pamba kuliko dhahabu.

Wakati wa kurudi, wakipanda kutoka kwenye mto mkavu, rejeta ikachemka na injini ikazima. Shija akaruka, akapeleka mkono chini ya bodi. Kamba tupu. Akatafuta jiwe. Ile ni mbuga wakuu, udongo mweusi mtupu, unaweza kutembea nusu saa usione jiwe la kumpigia kunguru. Akavua katambuga zake, zile ndala za matairi, akazisukuma chini ya gurudumu.

Lori likazipanda, likarudi nyuma mpaka korongoni.

Hakufa mtu. Lakini baba aliruka akavunjika mkono wa kulia, na mkono ule haukunyooka tena mpaka tunamzika. Tajiri akamfukuza Shija palepale.

Shija alikuja nyumbani akapiga magoti mbele ya baba. "Nisamehe kaka. Nilijua nimeifunga. Sijui nimeiacha wapi."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika gari langu. Sikutoka.

Kibaya zaidi, baba alilipenda lile gari. Akaliweka juu ya kabati, pembeni ya redio, kila mgeni anaonyeshwa. "Mwanangu huyu ana mikono." Kabari iliyokuwa inatafutwa ikakaa sebuleni miaka yote, na hakuna aliyewahi kuigeuza kuona S.

Na nyumbani kwetu ukazaliwa msemo. Mtu akisahau chumvi, akisahau funguo, anaambiwa, "Umefanya ya Shija." Mpaka watoto wangu wanausema. Hawajui Shija ni nani.

Basi ile comment ikanikosesha raha. Wiki mbili sikugusa modeli. Nikaanza kuulizia, na mteja mmoja wa Runzewe, kule machimboni, aliyeniletea friji ya soda akaniambia, "Shija? Mzee Shija wa kufuli? Ana duka la vifaa vya wachimbaji."

"Kwa nini wa kufuli?"

"Utaona mwenyewe."

Nikapanda basi la asubuhi. Begi moja lina modeli mpya kwenye boksi la viatu, lingine lina Subira ndogo ya mbao.

Runzewe nilimkuta ameketi katikati ya nyundo, kamba na tochi za kichwani. Mvi kichwa kizima. Nilipojitambulisha alisimama akanikumbatia, nikashindwa hata kumaliza shikamoo.

"Marahaba! Mtoto wa Baba Zuhura! Ulikuwa hivi!" Akashusha mkono mpaka gotini. Zuhura ni dada yangu mkubwa.

Nikamtolea modeli mpya. Wakuu, kuna sifa nimepata humu, lakini hakuna iliyofika ile. Alivaa miwani, akalizunguka lori kama alivyokuwa ananizungusha zamani. Akagusa taa iliyopasuka. Akagusa mlango uliofungwa kwa mpira. Alipofika chini ya bodi, akasita.

"Hapa palikuwa na kabari," akasema taratibu. "Umenisitiri, mdogo wangu. Wabeja sana, asante."

Anajua kwamba sikuiweka, na anadhani ni kwa heshima yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mchana tukaenda kula kwake. Akafunga duka, akatembea hatua kumi, akarudi kuvuta kufuli. Tukaondoka. Tukafika kona, akarudi tena. Mkewe, Mama Kabula, aliyekuja kutuita, akacheka. "Mzoee shemeji. Bado mara moja." Kweli akarudi mara ya tatu.

Baada ya ugali nikatoa Subira ndogo nikampa. Akaigeuza. Akaiona S.

Nikamweleza yote. Jumapili, kamba, patasi, pazia.

Mama Kabula akaacha kuosha vyombo.

"Kwa hiyo niliifunga," akasema.

"Uliifunga kaka."

"Niliifunga." Akainua sauti. "Unajua nilipokuja huku machimboni walitaka nishike kamba ya kushusha watu kwenye duara, shimoni? Juu, kwenye hewa! Nikasema yaya, hapana, mtu aliyesahau kabari hawezi kushika roho ya mwenzake. Nikashuka mimi chini. Miaka tisa nimechimba chini kule kwa sababu ya kichwa changu ambacho hakikuwa na kosa!"

Akaiweka Subira ndogo mezani.

"Baba yako alikufa anajua?"

"Hapana."

"Basi alikufa ananiona mzembe." Akasimama. "Niache kidogo."

Akatoka nje. Wakuu, hilo la baba ndilo linaloniuma mpaka ninapoandika. Mengine yote naweza kuhangaika nayo, hilo halina fundi.

Mama Kabula hakunifariji. Aliniwekea maji ya kunawa akasema, "Mume wangu mimi amenioa akiwa hivyo hivyo, anarudi rudi. Nilidhani ndivyo alivyozaliwa."

Shija aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nilipiga magoti, kama alivyompigia baba. Hakuniinua haraka.

"Ulikuwa mtoto," akasema hatimaye. "Kwa lile la utoto nimekusamehe. Ila umekuwa mtu mzima siku nyingi, mdogo wangu. Kwa hilo nipe muda."

Halafu akachukua kijiti cha kuni, akakaa na kisu chake nusu saa, akachonga kabari ndogo ya nusu kidole. Akaifunga kwa uzi chini ya bodi ya modeli, upande wa kushoto, karibu na tairi la nyuma.

"Ilikaa hapa. Wewe ulikuwa uniulize kwanza." Akanisukumia boksi. "Hili mpelekee mama yako. Umweleze mbele ya watoto wako. Hii ya mbao inabaki, hii ni yangu."

Nikasema sawa.

Jioni kabla jua halijazama akanisindikiza stendi. Tulipitia dukani, akauza nyundo mbili, akafunga. Tukawa tunatembea, Subira ndogo kaibana kwapani. Tukapita kona. Mimi nikawa nageuka nyuma, nasubiri arudi.

Akanikodolea macho.

"Unaangalia nini nyuma? Nimefunga."

Tukaendelea mpaka stendi.

Nyumbani nilimweleza mama mbele ya mke wangu na watoto. Mama aliniita jina ambalo hajawahi kuniita, siliandiki. Akaomba simu. Aliongea na Shija muda mrefu, sehemu kubwa Kisukuma, na nilichoshika vizuri ni hiki: "Baba Zuhura hayupo, lakini mimi nipo, na mimi nakuomba radhi."

Modeli ipo juu ya kabati, palepale pembeni ya redio. Ina kosa moja la vipimo: ile kabari ukiipigia scale ni kubwa mno. Sitaigusa.

Funzo nililopata ni fupi. Nilikuwa nahangaika na mkwaruzo wa mlango, nachekecha vumbi kwa soksi ili lori liwe la kweli, na kumbe uongo nilikuwa nimeuacha chini ya bodi. Tena kuomba radhi nilichelewa, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni mtu mwingine. Kama kwenu kuna mtu jina lake limegeuzwa msemo, ulizeni vizuri nani aliikata ile kamba.

Wenye kumbukumbu za malori ya pamba, wenye magari yao ya waya na makopo, leteni picha tuzione. Mwenye matusi pia aandike, nimejiandaa. Mzee Shija mwenyewe anasoma, mjukuu wake amemfungulia akaunti.

Na yule mwanachama wa comment ya kabari, mkuu, nakushukuru.

Juzi binti yangu wa mwisho alisahau daftari shuleni. Akaingia anacheka, "Bibi, leo nimefanya ya Shija!"

Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Umefanya ya baba yako. Shija hakusahau kitu."