Jogoo Mmoja kwa Watoto Wawili

Harufu ya tope la mto, lile linalonuka majani yaliyooza, ninayo puani mpaka leo. Kwetu ni upande wa Ruangwa, na shamba letu la ufuta lilikuwa ng'ambo ya Mto Mbwemkuru. Masika mto ukifura, mtoto asiyejua kuogelea alikuwa mzigo. Basi baba akatupeleka kwa Mzee Chilumba, mimi na mdogo wangu Saidi. Chilumba ndiye aliyefundisha watoto wa kijiji, na ada yake ilikuwa jogoo kwa kila mtoto. Ukilipiwa, unamezeshwa kisamaki kingali hai, eti kikae tumboni kikufundishe. Kisha unatupwa kwenye kina.

Baba alikuja na jogoo mmoja. "Mzee, hawa wamenyonya ziwa moja. Nipunguzie." Chilumba akacheka. "Bakari, hata maji unataka kukopa?" Akampokea jogoo, akanimezesha mimi peke yangu. Nilikihisi kikipapatika kooni. Saidi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Kaka, na mimi nibakishie." Baba akasisitiza tuingie wote, na Chilumba akatutupa wote. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Yalikuwa meusi, yakaniingia puani yakiwaka kama pilipili. Sikusikia kitu ila moyo wangu. Mguu ukagusa mchanga, nikatambaa nje nikitapika. Saidi alitolewa jioni, kwenye matete. Msibani Chilumba alisema bila haya, "Yule hakulipiwa." Na watu wakaitikia! Mimi niliyepona nikawa ushahidi wa dawa yake, na msimu uliofuata majogoo wakaongezeka uani kwake. Namtaja: Chilumba. Na baba yangu namtaja, Mungu amrehemu, kwa ubahili wake.

Sasa naishi Nachingwea mjini, na juzi mwanangu alilalamika kuwa kijana anayefundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la hoteli anataka hela ya gunia zima la ufuta kumfundisha mjukuu wangu. "Baba, hiyo si bei, ni wizi." Nikaenda mwenyewe na mjukuu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilisimama mbali na ukingo, mgongo ukutani. Nikamuuliza yule kijana: mtoto akizama hapa, mkosaji nani? Akanitazama kwa mshangao. "Mimi, mzee. Nani mwingine?" Nikampa hela yote. Kutazama ndiko nilikoshindwa; nilitoka nikakaa kando ya barabara, masikio nimeyaziba.