Vizibo vya Dada Yangu Kabatini

Mungu anisamehe. Tangu tumzike dada nimesali siku ishirini, na hasira bado haijaniisha.

Dada yangu alifundisha darasa la kwanza miaka kumi na tisa. Watoto walimwita Mwalimu Vizibo. Jioni alipita kwenye vibanda vya soda akiokota vizibo, akavichemsha, akavigonga kingo kwa nyundo visikate vidole. Nilimtania, "Dada, wewe utaolewa na fundi bati." Akajibu, "Afadhali. Huyo atakuwa anajua kupima."

Kila mtoto alikuwa na visahani viwili na bakuli. Vizibo vitatu huku, viwili kule, vyote bakulini, hesabu. Kanuni ilikuwa moja: mdomo usitangulie mkono. Mwaka huu nilimkuta na binti mmoja aliyesema tatu na mbili ni saba. Hakumkemea.

"Nionyeshe, mama."

Mtoto akahesabu vizibo vitano, kisha akagusa visahani: sita, saba. Dada alicheka hadi machozi.

"Wewe unakula mpaka vyombo!"

"Lakini vipo, mwalimu."

"Vipo. Ila tunahesabu vizibo tu."

Mwalimu mkuu alimwita dada "muokota takataka" mbele ya wazazi. Mara mbili, siku za ukaguzi, alimwaga mkebe wake wa vizibo jalalani. Dada aliinama akavichambua, akavichemsha upya. Vifaa vya mbao vya kuhesabia vilivyoletwa shuleni, vya rangi nzuri, vilifungiwa kabatini "visipotee." Wageni wakija vinatoka, wakiondoka vinarudi.

Kifua kilipombana mwezi wa mwisho, aliniambia, "Mdogo wangu, vizibo vibaki mikononi mwa watoto. Sina wosia mwingine."

Jana mwalimu mkuu aliniita. Ndani ya kabati la kioo, pembeni ya picha ya dada, uliwekwa mkebe wake. Chini kuna maandishi: MWALIMU WETU MPENDWA. Juu, kufuli.

"Umeona tulivyomuenzi?"

"Watoto wanahesabia nini?"

"Wanaimba majibu, wanajua sana. Hivi ni kumbukumbu, mdogo wetu. Vikienda darasani vitapotea."

"Vilipotea lini? Ulipovimwaga?"

"Tusifukue ya zamani. Marehemu amepumzika."

"Yeye amepumzika, mimi bado. Naomba ufunguo."

"Kuna utaratibu."

"Basi nausubiri hapa hapa."

Nikavuta kiti, nikakaa katikati ya mlango wa ofisi. Kengele ya mapumziko ikalia, walimu wakaanza kuchungulia, naye mwalimu mkuu kila akitoka analazimika kuruka magoti yangu. Mwishowe akaurusha ufunguo mezani.

"Ukoo mzima vichwa vigumu!"

"Tumbo ni moja, mwalimu."

Niliupeleka mkebe darasani. Nikauliza tatu na mbili. "Tano!" wakaimba kwa pamoja. Nikasema, "Nionyesheni." Hakuna aliyenyanyua kidole. Siku ishirini tu, na mikono ilishafundishwa kukaa bure!

Nikamwaga vizibo mezani. Yule binti aliyewahi kusema saba ndiye aliyesogea kwanza. Akapanga vitatu, akapanga viwili, akavimimina bakulini. Kisha akavichukua visahani, akavificha chini ya dawati.

"Hivi hatuhesabu," akaniambia, kama vile mimi ndiye mwanafunzi.

Picha niliiacha kabatini. Hiyo wanaweza kuifungia.