Tunda la Kumzika Sydney

Kila mwaka, wiki ya tatu ya muhula, Profesa Eucabeth Okeyo huingia darasani amekumbatia tunda la kijivu lenye urefu wa mkono na uzito wa mtoto mchanga, akalitua mezani kabla hajamsalimu mtu. Wanafunzi wa viti vya nyuma, ambao mhadhara wao huwa ni simu, huinua vichwa.

"Hii ni nini?" huwauliza.

Hakosekani wa kupaaza sauti, "Muratina, Prof!" na darasa zima likacheka, kwa kuwa Wakikuyu hulikausha tunda hilo wakachachushia pombe ya sherehe. Lakini huwapo wawili watatu, wenye asili ya kando ya Ziwa Victoria, ambao hawacheki. Wao wanaliita yago. Mjaluo akipotea na mwili usionekane, watu wake hulifunga tunda hilo kwa shuka, wakalililia, wakalizika kana kwamba ndiye. Aliyepotea hupata pa kulala, na waliobaki hupata ruhusa ya kuacha kumngoja.

Hapo ndipo Eucabeth huanza kazi yake. Tunda moja, huku linanyweka, kule linazikwa. Atawapeleka kwa Waislamu na sala yao ya maiti aliye mbali, kwa Wakristo na makaburi matupu ya askari wasiorudi, kisha awarudishe Nakuru na kuwauliza nani kati yao anamcheka nani. Ni mhadhara mtamu, usitafute kasoro. Umempandisha ndege mara nyingi na kumkalisha meza moja na maaskofu, masheikh na makasisi wa Kihindu, na yeye ndiye anayeitwa Rift Valley nzima mazungumzo ya dini yakikwama.

Mwaka huu msichana mmoja wa mstari wa mbele, Jepleting, aliinua mkono. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza tu, "Prof, na wewe ushawahi kuzika moja?"

"Bado," Eucabeth akasema.

Alikuwa amekusudia kusema la. Neno lilishatoka, na darasa lilikuwa linalitazama. Akakusanya karatasi zake, akasema wataendelea wiki ijayo, akatoka na kuliacha tunda mezani. Kwenye maegesho alikaa ndani ya gari bila kuliwasha, mtu mzima wa miaka hamsini na saba.

Aliyestahili kuzikwa ni Sydney, mdogo wake, mtoto wa mwisho wa nyumba yao.

Babu yao, Mjaluo wa kando ya Ziwa Victoria, aliletwa Nakuru na kazi ya reli, baba yao akastaafu kwenye karakana na kununua nusu ekari Rongai, na hapo ndipo mama yao, Mama Rispa, anaishi hadi leo akiwa na miaka themanini na minne. Sydney alipata kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, akapanga chumba mtaa wa Kamere, karibu na hapo. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kufua, na kila jambo kubwa alimuuliza kwanza dada yake, kwa kuwa Eucabeth ndiye aliyesoma. Akitaka kununua redio, anauliza. Akipenda msichana, anauliza.

Januari ya mwaka elfu mbili na nane, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, Eucabeth alikuwa mhadhiri mdogo mwenye imani kubwa na kazi yake. Alikuwa katibu wa kamati ya viongozi wa dini waliozunguka wakiwapatanisha wazee wa jamii mbalimbali. Jumamosi moja walikaa kwenye ukumbi wa kanisa kutwa nzima. Jioni wazee walisimama, kila mmoja akaapa kwa kitabu chake, wakashikana mikono, wakatia sahihi karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe kwamba hakuna mpangaji atakayeguswa, awe wa kabila lolote. Watu walilia. Yeye pia alilia. Alikuwa ameandika tasnifu nzima kuhusu viapo, na alijua, kama mtu ajuavyo jina lake, kwamba mzee aliyeapa hivyo mbele ya Mungu na mbele ya watoto wake hawezi kurudi nyuma.

Simu ikalia wino haujakauka.

"Sis," Sydney akasema, "watu wanahama huku. Kuna lori ya maua inatoka saa hii kuja Nakuru, dere amekubali kunibeba. Nitoke ama nikae?"

"Kaa hapo hapo," Eucabeth akasema, bado na machozi ya furaha. "Wazee wameapa. Nimeona kwa macho yangu. Ukitoka wewe na wengine watatoka, na hii kazi yote itakuwa bure."

"Sawa. Wewe ndio unajua."

Basi. Hakubisha hata kidogo. Wazee hawakuvunja kiapo chao, hilo ndilo la kukatisha tamaa. Hakuna mzee aliyetoka nyumbani kwake. Waliokuja Kamere na mapanga kesho yake ni vijana, na vijana hawakuwa ukumbini, hawakuapa kwa kitabu chochote, na hakuna mtu katika kamati nzima ya wasomi na wachungaji aliyekumbuka kuwaita. Jirani alimwona Sydney akikimbia upande wa ziwa. Tangu hapo hakuonekana, si hospitalini, si mochari, si kambini.

Eucabeth aliandika kitabu kuhusu siku ile ya ukumbini. Sura ya nne inaeleza kosa la kuwasahau vijana, tena kwa uhodari, na hunukuliwa sana. Simu haimo. Mama yake naye hakuambiwa habari za simu. Ilikuwa aambiwe matanga yakiisha, lakini matanga hayakuwapo kwa sababu mwili haukuwapo, na mwaka ukapita, halafu mitano. Uongo wa namna hiyo hauhitaji kusemwa hata mara moja; unakaa tu kimya na kunenepa.

Mama Rispa alijitafutia maelezo yake. Alisikia kwa watu kwamba kulikuwa na lori na wengine walipanda. Kwa hiyo akaamua kwamba Sydney alikataa kutoka kwa ukaidi. Alilisema kwa majirani, akalisema kanisani, akalisema hata mbele ya picha yake ukutani: "Huyu alikuwa na kichwa ngumu. Angesikia watu, angekuwa hapa." Eucabeth alikuwa akikaa kando yake na kikombe cha chai, akisikia ndugu yake akisingiziwa, na hakufungua mdomo.

Miaka hii ya karibuni Sydney alianza kumjia mama. Jioni, akisonga ugali, anamwona amesimama kando ya tangi la maji, nguo zimelowa, anauliza alale wapi. Mama Rispa hakuwa mtu wa kuogopa marehemu wake. Alichoka tu kumwona akisimama. "Mtafutie yago," alimwambia binti yake Krismasi baada ya Krismasi. Na profesa wa dini linganishi, anayejua yago kuliko mtu yeyote aliye hai kati ya Naivasha na Eldoret, alijibu kwamba tusubiri kidogo, huenda serikali ikafanya vipimo vipya vya mifupa. Aliona aibu kila aliposema hivyo, akasema tena.

Yeye mwenyewe Sydney hakumtokea. Yeye alimsikia. Alikuwa kwenye mimbari ya mkutano mkubwa, wageni wamevaa vipokea sauti vya tafsiri masikioni, naye anafika mahali pa kusema wazee waliapa; hapo hapo, karibu kabisa na sikio la kushoto, sauti ya kijana aliyeshiba na asiye na wasiwasi: sawa, wewe ndio unajua. Alijifunza kunywa maji mahali hapo. Wasikilizaji walidhani ameguswa na simulizi, wakampigia makofi.

Mtu mmoja tu alijua. Mchungaji mstaafu Ephantus Kamande alikuwa ameketi kiti cha pili siku ile ukumbini na alisikia kila neno. Mti wa muratina uko shambani kwake Subukia, mti wa babu yake aliyependa pombe, na yeye ambaye hajaionja maishani ndiye anayemletea Eucabeth tunda la mhadhara kila mwaka. Hajawahi kuitaja simu ile. Lakini siku mbili baada ya swali la Jepleting alifika ofisini na gunia, akatoa tunda jingine.

"Hili si la darasa," akasema. "Mama yako amenipigia mwenyewe. Amesema Jumamosi anamzika kijana wake, uwepo usiwepo."

"Amekwambia atasema nini kaburini?"

"Atamgombeza kidogo kwanza, anasema. Ndio amwachilie." Kamande akakunja gunia polepole. "Profesa, mimi ni mzee sasa. Nimenyamaza kwa sababu ni ndugu yako, si wangu. Lakini mtu akizikwa na kosa ambalo si lake, atalala kweli?"

Eucabeth alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, kutoka dini sita. Akalibeba tunda, akalipeleka garini.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na jua kali Rongai na mahindi yalikuwa yamefika magotini. Shimo lilichimbwa kando ya kaburi la baba, fupi, la kutisha kwa ufupi wake. Majirani hawakuzidi kumi. Jebet wa ploti ya pili alikuwa ameleta maziwa na kukaa na wanawake chini ya turubai. Mama Rispa alilifunga tunda mwenyewe. Alilikunja ndani ya shuka jeupe, akafunga mwisho mmoja kwa tai ya shule ya Sydney aliyokuwa ameiweka muda wote huo, na alipolibeba alilishika kichwa na mgongo, kama mtu abebavyo mtoto. Eucabeth aliyaona mambo hayo kwa jicho la kazi kwa muda wa kama dakika moja. Kisha jicho la kazi likamtoroka, akabaki kuona mama yake akimbeba Sydney.

Kamande aliomba kwa ufupi. Tunda likashushwa. Mama Rispa akapiga magoti ukingoni, akishikilia fimbo yake, na sauti yake ilikuwa ya mama anayemwita mtoto aje kuoga.

"Sydney. Leo lala. Lakini nikuambie ukweli, umenitesa. Kichwa chako ngumu. Watu walikuambia toka, lori ilikuwa hapo, na wewe..."

"Mama, usimwambie hivyo."

Watu wakageuka. Eucabeth alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa shimo na hakumbuki alivyofika pale.

"Hakukataa kutoka. Alinipigia simu. Aliniuliza atoke ama akae. Mimi ndiye niliyemwambia akae, Mama. Dereva alikuwa amekubali kumbeba, na mimi nikamwambia akae, kwa sababu sikutaka kazi yangu iharibike. Akasema sawa."

Mama Rispa alimtazama kwa muda mrefu, macho makavu, kana kwamba anamhesabu upya tangu alipozaliwa.

"Alisema sawa?"

"Alisema sawa, wewe ndio unajua."

Mama Rispa akainamisha kichwa juu ya shimo hadi kitambaa chake kikagusa udongo. Alipoanza kulia hakulia kilio cha matanga, kile cha sauti ya juu ambacho kila mtu alikuwa amejiandaa kukiitikia. Alilia kidogo kidogo, kwa aibu.

"Nisamehe, baba," akaliambia tunda. "Nisamehe, Sydney wangu. Miaka kumi na minane nimekuita mkaidi mbele ya watu, na ulikuwa mtoto msikivu. Ulikuwa msikivu."

Alilirudia neno hilo mara kadhaa, akiwageukia majirani mmoja mmoja, akamwambia Jebet, akamwambia mchungaji, ili wote walisikie na waende nalo. Kisha akatupa udongo wa kwanza. Eucabeth akainuka haraka, akazunguka shimo, akamnyooshea mkono amsaidie kusimama. Mama Rispa aliutazama mkono ule. Akamwita Kamande, akashika bega lake, akasimama taratibu.

"Wewe baki na yeye," akamwambia binti yake bila kumtazama. "Mimi nimemaliza kusema na yeye. Wewe hujaanza."

Watu wakamfuata kwenda kwenye turubai. Eucabeth akabaki peke yake na shimo lile fupi na jembe, profesa asiyewahi kukosa la kusema mbele ya ukumbi wowote, akatafuta kwa muda mrefu sana neno la kwanza la kumwambia ndugu yake.